Asubuhi Yake Ilikuwa Siku Gani?

Kila mwaka ikifika Julai, Tanga hujaa wanachuo wa field. Wanatoka vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Mbeya, wanakuja kufanya mafunzo kwa vitendo halmashauri, bandarini, benki na viwandani. Wanakaa wiki nane, wengine kumi, kisha hao wanapanda basi. Mji umewazoea. Wanakodi nyumba kwa kuchanga, wanne au watano, Makorora, Chumbageni, Mikanjuni, na jioni utawakuta kwenye benchi la muuza mihogo wakibishana habari za bumu. Wenyewe tunasema Tanga ni waja leo waondoka leo, na hawa ndio waja leo hasa.

Kisa hiki kimewapata wawili wa namna hiyo. Majina nimeyaacha, chuo nimekiacha, na mambo mawili matatu madogo nimeyageuza ili asitambulike mtu. Msichana nitamwita Binti. Kijana nitamwita Mwelimishaji, maana huko chuoni alikuwa mwelimishaji rika wa afya ya uzazi. Wote wawili wameyasoma haya kabla yako. Binti alikata sentensi mbili, nami sikumwuliza kwa nini.

Mimi ni muuguzi, na zaidi ya nusu ya miaka yangu ya kazi imepita kwenye chumba cha ushauri nasaha. Kila Julai huitwa kuzungumza na wanafunzi wa field kwa saa mbili, pale kwenye ofisi waliyopangiwa. Nikimaliza huandika namba yangu ya simu ubaoni. Wengi huipiga picha, na wanaopiga simu ni wachache mno. Mwelimishaji alikuwa mmoja wa walioipiga picha.

Nianze na yeye, kwa sababu kosa lilipita mikononi mwake na uokovu pia ulipita mikononi mwake. Alikuwa mwaka wa pili. Alifundishwa kwa siku tano, akapewa fulana, cheti na daftari. Kijana hodari, anaongea bila kutafuna maneno, anaonyesha jinsi ya kuvaa kondomu kwenye kile kibao cha mti na darasa zima likacheka bila mtu kuona haya. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na waelimishaji rika: mwanachuo wa miaka 20 hawezi kuja kwangu, mama wa makamo mwenye miwani, akaniambia jana alikwenda peku. Atamwambia kijana mwenzake wakiwa wanafua nguo. Sijawahi kuibeza kazi yao.

Ila kuna jambo hatukuliona mpaka lilipotuumbua. Kule chuoni Mwelimishaji alikuwa akifanya kazi hatua chache kutoka zahanati ya chuo. Likimshinda, anamshika mtu mkono anamsindikiza, dakika tano wamefika. Alipokuja Tanga alibeba fulana, zahanati ikabaki chuoni. Ndani ya nyumba ya Makorora walikuwa watano, wavulana watatu na wasichana wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua kituo cha afya cha karibu kiko barabara gani. Walikuwa wanajua kwa muuza pweza.

Sasa kisa chenyewe.

Binti alikuwa na rafiki wa kiume, kijana aliyemaliza chuo mwaka mmoja nyuma na kupata kazi hapa mjini. Walikuwa pamoja Jumamosi moja ya Agosti, wakatumia kondomu, na kondomu ikapasuka. Ilikuwa yapata saa 5 usiku. Binti anaikumbuka saa kwa sababu aliangalia simu kuona kama mlango wa nyumba yao umeshafungwa.

Asubuhi alipoamka alikuwa na wazo moja tu kichwani: mimba. Alikwenda famasi akanunua P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Muuzaji alimwuliza siku zake ziliingia lini, akampa, akapokea hela. Hapo hakuna aliyekosea. Vidonge vile, ambavyo dawa yake ni levonogestreli, huchelewesha yai lisitoke, havitoi mimba iliyokwisha kutunga, na hufanya kazi vizuri zaidi kadiri vinavyomezwa mapema. Binti alimeza ndani ya saa 12. Kwa upande wa mimba alifanya kila kitu sawasawa, bila kufundishwa na yeyote.

Lakini vidonge hivyo havina habari na virusi vya UKIMWI wala kisonono wala kaswende, na hapo ndipo nimewaona mabinti wengi wakipotelea. Hofu ya mimba imeifunika hofu ya virusi. Mimba inaonekana na tumbo linahesabiwa miezi. Inaulizwa na shangazi, na inaweza kumrudisha mtu nyumbani bila shahada. Virusi havionekani, na siku hizi kila mtu anajua mtu anayeishi navyo akiwa na afya tele kwa sababu ya dawa. Jambo jema hilo, nisieleweke vibaya. Ila limewafanya watoto waone kwamba ngoma ni habari ya zama za wazazi wao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Na kwa rika hili la miaka 15 hadi 24, wasichana wanaambukizwa zaidi kuliko wavulana.

Jumapili jioni Binti alimkuta Mwelimishaji jikoni anakaanga mayai. Akamwuliza kama anayetania: "Hivi bro, mpira ukipasuka mtu anatakiwa akapime baada ya muda gani?"

Mwelimishaji alijibu bila kugeuka, mwiko mkononi: "Miezi mitatu. Kabla ya hapo ni kipindi cha dirisha, kipimo kinaweza kisione kitu."

"Kwa hiyo mtu anasubiri tu?"

"Anasubiri tu. Ila atumie kinga."

Jibu lile lingempa alama zote kwenye mtihani wa siku tano. Ni kweli mwili huchukua muda kutengeneza kile kinachosomwa na kipimo cha haraka, na ni kweli miezi mitatu ndiyo inayotoa uhakika. Binti akashukuru, akaenda kulala, akaanza kusubiri.

Nimelirudia swali lile la jikoni mara nyingi. Alisema "mtu". Lugha yetu ina mlango huu wa staha: mwenye jambo zito halisemi kwa mimi, hulisema kwa mtu. Mgeni akikwambia, "Mtu asiyekula tangu jana huwa anasikia kizunguzungu, eti?", mama yeyote wa Kiswahili atainuka akapakue, hatakaa kumweleza habari za kizunguzungu. Mwelimishaji alieleza kizunguzungu. Nilipomwambia hivyo baadaye aliinama akasema, "Mama, nilijua ni yeye. Niliona nikimwuliza nitamwaibisha."

Na kweli angemwaibisha kama angeuliza "ni wewe?" au "ni nani?". Palikuwa na swali jingine ambalo lingepita bila kumvua mtu nguo: "Mpira ulipasuka lini?" Neno moja, lini. Halihitaji jina la mtu. Mafunzo yetu yamejaa majibu, na kijana aliyejazwa majibu hufurahi akiulizwa, kama mtoto wa madrasa aliyehifadhi sura. Kuuliza tulikuwa hatujamfundisha.

Jumatatu wote walikwenda kazini. Jumatatu haina habari.

Jumanne saa 7 mchana, wakati wa chakula, jambo likaanza kumwasha Mwelimishaji. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la waelimishaji wa chuo chao, watu arobaini na kitu: "Wadau, kuna dada tunakaa naye nyumba moja huku Tanga, mpira ulipasuka. Ni miezi mitatu au siku hizi ni wiki sita?"

Haukupita muda, dada mmoja anayesomea uuguzi akajibu kwa neno moja: "Lini?"

Mwelimishaji akasema nadhani wikiendi. Yule dada akaandika kwa herufi kubwa: "MPELEKENI AKAPEWE PEP LEO. LEO."

Mwelimishaji akauliza: "Si za manesi hizo?"

Swali hilo la mwisho linanihusu mimi. PEP ni dawa za kuzuia virusi zinazoanzwa baada ya mtu kuwa hatarini, ndani ya saa 72, na kumezwa kila siku kwa siku 28. Daftari ninalotumia kufundishia, ambalo nililiandika kwa mkono wangu, liliitaja PEP ukurasa wa mwisho kabisa, kwa mistari minne: kwa mhudumu wa afya aliyechomwa na sindano, na kwa aliyebakwa. Kondomu iliyopasuka haikuwamo. Haikuwa siri, haikukatazwa, nilikuwa tu nimenakili nilivyofundishwa mimi enzi zangu na sikurudi kutazama. Madaftari yanazaana. Nina hakika la kwao lilikuwa ndugu wa langu.

Nieleze kidogo kwa nini saa zina maana hapa, kwa sababu wengi huzichukulia kama muda wa kurudisha fomu. Virusi vikiingia kwa njia ya ngono havienei mwilini papo hapo. Hukaa kwanza kwenye utando laini pale vilipoingilia, vikachukuliwa mpaka kwenye tezi, na ndipo huzaliana na kutapakaa. Safari hiyo huchukua saa kadhaa hadi siku mbili tatu. Dawa inavikuta njiani. Majaribio yaliyofanywa kwa nyani miaka ya 1990 yalionyesha kwamba ukichelewa kuanza kinga inapungua, na ukikatisha siku 28 kinga inapungua vilevile. Kwa hiyo 72 si geti ambalo dakika moja kabla uko salama na dakika moja baada umekwisha. Saa ya 2 ni bora kuliko ya 20, na ya 20 ni bora kuliko ya 60. Binti alipokuwa kazini Jumatatu nzima akipanga mafaili, alikuwa anazitumia saa hizo bila kujua anazo.

Mwelimishaji alimfuata ofisini kwake saa 10 alasiri. Hapo alifanya vizuri na nataka iandikwe: hakumpigia simu kumtisha, alimngoja getini, akamwambia, "Nilikujibu vibaya juzi. Kuna dawa. Twende sasa hivi." Binti anasema hilo "nilikujibu vibaya" ndilo lililomfanya apande bajaji bila maswali.

Walikwenda kituo cha kwanza walichoelekezwa na dereva. Sikitaji. Walifika karibu na saa 11, kliniki ya CTC, ile ya huduma na matibabu ya virusi vya UKIMWI, imeshafungwa, mapokezi yuko mzee mmoja mpole. Aliwasikiliza, hakuwakaripia, hakuuliza kama wameoana. Akauliza ilikuwa lini. Binti akasema, "Usiku wa Jumamosi, saa 5."

Mzee akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Siku nne hizo, mwanangu. Masaa yameshapita. Sasa subiri tu, uje upime baada ya miezi mitatu."

Wakatoka nje wakakaa kwenye ukuta mfupi chini ya mwarobaini. Binti hakulia. Anasema alihisi kama mtu aliyefika stendi akaambiwa basi limeondoka, unabaki umeshika begi tu. Mwelimishaji akatafuta ile picha ya ubao kwenye simu, akanipigia. Ilikuwa saa 11 na robo.

Nilikuwa napepeta mchele. Akanieleza yote, mpaka jibu la mzee. Nikauliza ilikuwa lini, akasema usiku wa Jumamosi, na nami, naapa, vidole vyangu vikaanza kuhesabu kama vya yule mzee. Ilikuwa bahati tu nikamwuliza anatoka wapi. Akasema Binti ni wa Njombe na yeye ni wa Shinyanga.

Nikamwambia, "Mpe simu." Binti akasema shikamoo mama, sauti imekauka. Nikamwuliza: "Ulipoamka asubuhi yake, ilikuwa siku gani?"

"Jumapili, mama."

"Basi inukeni. Bado mnazo saa tano na ushei."

Aliyekulia pwani ameshaelewa. Kwetu siku huanza jua linapotua, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, ndio wa kusoma Yasini. Ukialikwa harusi usiku wa Jumapili, unavaa Jumamosi jioni. Ukija Jumapili magharibi utakuta wanaosha masufuria. Kwa mzee yule wa mapokezi, usiku wa Jumamosi ulikuwa ni wa kuamkia Jumamosi, yaani ule ambao Binti angeuita Ijumaa usiku. Akahesabu saa 90. Kwa mtoto wa Njombe aliyelelewa na kalenda ya shule, usiku wa Jumamosi ni Jumamosi baada ya chakula cha jioni. Saa 66. Wote wawili walisema kweli kwa Kiswahili fasaha, na katikati ya kweli hizo mbili kilikaa kipimo cha siku nzima.

Kwa nini Binti hakushtuka aliposikia siku nne? Kwa sababu alihesabu majina: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nne. Hesabu ya mzee iliyokosea ilifanana na hesabu yake iliyo sawa. Redio na magazeti huepuka utata huu kwa kusema "usiku wa kuamkia", na mimi nilikuwa nikiona ni maringo ya watangazaji. Sioni tena hivyo.

Niliwaelekeza Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sababu idara ya dharura hailali. Bajaji nyingine, foleni, kufungua faili, kungoja. Walimpima kwanza kwa kipimo cha haraka. Hilo huwashangaza wengi: mbona jambo lenyewe ni la juzi tu, na tayari mnanipima? Ni kwa sababu anayeanza PEP lazima ijulikane hana virusi tayari. Akiwa navyo, siku 28 si zake, anahitaji matibabu ya kudumu. Kipimo kikawa hakionyeshi maambukizi. Wakamuuliza pia kama alikuwa ameridhia, swali ambalo si Mwelimishaji wala mimi kwenye simu tuliyemwuliza, na lilistahili kuwa la pili baada ya lini. Alikuwa ameridhia. Kama asingekuwa ameridhia njia yake ingekuwa na matawi mengine, ikiwemo fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ni ya ushahidi, na dawa haipaswi kuingojea. Alimeza kidonge cha kwanza saa 2 na robo usiku, maji ya chupa ya Mwelimishaji. Saa ya 69.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya semina. Ila zimebaki siku 28.

Turudi kwenye ule ujumbe wa WhatsApp: "kuna dada tunakaa naye nyumba moja huku Tanga." Kundi lina watu arobaini na kitu, na wote wanajua nani yuko field wapi. Nyumba ile ilikuwa na wasichana wawili. Kufika Jumatano, watu wawili walikuwa wameshampigia simu yule msichana mwingine, asiyehusika, kumpa pole. Alitoka chumbani akiwa mkali kama pilipili mbuzi, na hakuwa na kosa. Ndani ya siku moja, kwa kumtoa yeye, kila mtu alijua ni nani.

Sheria yetu ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka matokeo ya kipimo yawe siri. Mwelimishaji hakutoa matokeo yoyote, hakutaja jina, na angesimama mahakamani mweupe. Hata hivyo alimwanika. Kundi lilelile lililomkumbusha dawa ndilo lililomtoa mtu uchi, kwa ujumbe mmoja, na mimi sijui namna ya kulipokea moja nikaacha la pili. Angeweza kuandika "mpira ukipasuka mtu afanyeje?" na yule dada wa uuguzi angejibu vilevile. Hapo ndipo lile neno "mtu" lilipohitajika, na hapo ndipo hakulitumia.

Kopo la dawa nalo likaleta yake. Vidonge vya siku 28 ndani ya kopo la plastiki hucheza, na mlio ule watu wanaujua, hasa waliolelewa na jamaa anayetumia. Binti alijaza pamba juu ya vidonge, akalifunga kopo kwenye soksi, akaliweka ndani ya bati la biskuti. Siku za mwanzo alisikia kichefuchefu, na kichefuchefu ndani ya nyumba yenye macho kumi kina tafsiri moja tu. Akawa anameza saa 2 usiku baada ya kula, wengine wakiwa kwenye mpira wa runinga. Mwelimishaji akawa anamtumia ujumbe wa neno moja kila usiku, "Chai?", naye anajibu, "Nimekunywa." Hilo walilibuni wenyewe na nimeliiba, ninalifundisha.

Siku ya 11 yule rafiki wa kiume alituma picha. Alikuwa amejipima kwa kijiti cha mate. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na ni jambo jema sana. Picha ilionyesha mstari mmoja. Chini yake ameandika: "Nipo poa, acha kujitesa na hizo dawa."

Binti aliikubali nusu. Alimpelekea Mwelimishaji picha. Hapa ndipo nilipoona kwamba yule kijana amekomaa. Angeweza kumtolea hotuba ya kipindi cha dirisha, ambayo safari hii ingekuwa mahali pake, maana mstari mmoja wa leo hausemi lolote juu ya wiki chache zilizopita za yule bwana. Badala yake aliandika: "Kinywe cha leo kwanza. Kesho mpigie aliyekupa dawa, umwulize yeye." Akanywa, akapiga, akaambiwa aendelee.

Field iliisha kabla ya siku 28 kwisha. Binti alipanda basi Kange na bati lake la biskuti kwenye mkoba wa begani, si kwenye buti, kwa sababu mabegi ya buti hupotea. Kuhusu vipimo vyake vya wiki ya sita na mwezi wa tatu, alikwenda. Moja ya sentensi alizokata ilikuwa inafuata hapa.

Wenzangu kadhaa niliowasimulia walikuwa na shaka moja: tukiwaambia wanachuo kwamba ipo dawa ya asubuhi yake, si wataacha kondomu? Mimi huwauliza Binti alikuwa ameacha nini. Alivaa kinga ikapasuka, alinunua P2, aliuliza jikoni, aliambiwa subiri na mtu wa rika lake, akaambiwa subiri tena na mtu wa rika la babu yake. Mtu huyo hakuhitaji kufichwa dawa.

Kinachonikera zaidi ni fomu. Mwelimishaji rika hujaza fomu kila mwezi: waliofikiwa wangapi, wa kike wangapi, wa kiume wangapi, kondomu ngapi zimegawiwa. Jumapili ile jikoni Mwelimishaji angeweza kuandika "aliyefikiwa: 1, wa kike" na fomu ingempongeza. Hakuna safu ya aliyesindikizwa mpaka mlangoni, wala ya saa ngapi zilibaki. Na ikifika Julai wanafunzi hutawanyika nchi nzima, fomu hulala likizo pamoja na chuo.

Daftari langu nimelibadilisha. PEP imehama kutoka ukurasa wa mwisho kwenda wa kwanza, na imeandikwa pamoja na P2, kwa sababu anayekimbilia famasi kwa P2 mara nyingi ndiye huyohuyo. Ubaoni siandiki tena namba yangu peke yake. Naandika na idara ya dharura iko wapi na nauli ya bajaji ni kiasi gani kutoka Makorora, Chumbageni na Mikanjuni. Na kabla ya yote naanza na zoezi moja la vidole.

Julai iliyopita nilisimama mbele ya wanafunzi ishirini na sita, nikasema: kondomu imepasuka usiku wa Ijumaa saa 4, leo ni Jumapili saa 3 asubuhi, hesabuni. Upande mmoja wakapiga kelele 35. Dada mmoja wa Pangani aliyekaa nyuma akasema 59. Kijana wa Mbeya akamwambia hajui hesabu. Yule dada akamwuliza kama kwao watu hulala kabla ya kuamka au huamka kabla ya kulala. Nilikaa chini nikawaacha. Saa zangu mbili zilikwisha, mkuu wa ofisi akaja kuchukua chumba, nao walihamia varandani wanabishana.